Mboga za mgeni: bustani katika msimu mfupi

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, familia za wenyeji na viongozi wao, Kivu ya Kaskazini

 

Tulipoalikwa kuongea leo, wengine walitazamia hotuba ya amani, wengine walitazamia mafundisho ya kilimo. Tunaleta vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu hapa kwetu havijawahi kuachana. Magomvi mengi tunayoitwa kuyasikiliza hayaanzi na bunduki. Yanaanza na mbuzi aliyeingia shambani, na mgomba uliopandwa kwenye shamba la kuazima, na bidoni ya maji iliyochotwa nje ya zamu. Baadaye ndipo mtu anauliza: yule ni wa kabila gani? Hapo jambo la mbuzi linageuka kuwa jambo lingine.

Wakulima wote wa Kivu wanajua msimu A, unaoanza mwezi wa tisa, na msimu B, unaoanza mwezi wa pili au wa tatu. Wanajua pia jua la mwezi wa sita mpaka wa nane, wakati ambapo hata nyasi zinakata tamaa. Lakini mtu aliyehama ana kalenda nyingine juu ya ile ya mvua. Hajui kama atakuwa hapa mwezi ujao. Labda mwenye nyumba atamwambia nafasi imekwisha. Labda njia ya kurudi kwao itafunguka. Labda milio itasikika tena usiku na asubuhi kila mtu amebeba godoro kichwani. Kwa hiyo, tunapozungumza juu ya msimu mfupi, tunazungumza juu ya mvua na juu ya vita pamoja.

Mnakumbuka wenyewe. Kuanzia mwaka 2022 mpaka mwanzo wa 2025, maelfu ya familia zilikaa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo na sehemu nyingine kandokando ya Goma. Mwezi wa kwanza wa 2025 vita vilifika mjini, na mwezi wa pili kambi zile zikavunjwa kwa siku chache tu. Wengine mlirudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, wengine mliingia katika nyumba za ndugu na za watu wasio ndugu. Aliyekuwa amepanda muhogo pembeni ya hema aliuacha ungali mwembamba kama kidole. Aliyekuwa amepanda lengalenga alikuwa ameshakula mara tatu, na mbegu alizifunga ndani ya kitambaa akaondoka nazo. Hatusemi kwamba muhogo ni mbaya. Muhogo ni chakula cha mtu mwenye uhakika wa mwaka mzima.

Basi jambo la kwanza ni kuhesabu siku. Kabla ya kuuliza mboga gani ni tamu au mboga gani inauzwa vizuri, uliza itaniweka hapa siku ngapi. Lengalenga inaanza kukatwa baada ya wiki nne hivi. Matembele, ukipanda vipande vya shina lililokomaa wakati wa mvua, yanakupa majani katika wiki ya tano au ya sita. Majani ya maboga na majani ya maharagi yanachumwa mapema pia, ila ukiyachuma kwa pupa maharagi yenyewe hayatazaa vizuri. Kabichi inataka karibu miezi minne ukihesabu na wiki zake za kitaluni. Karoti miezi mitatu. Kitunguu na poro vinapita miezi minne. Muhogo wa kula mizizi, hata ule wa haraka, unakaribia mwaka.

Familia yenye kipande kidogo na isiyojua kesho yake, tunaishauri iweke sehemu kubwa ya udongo katika mboga za mwezi mmoja, na sehemu ndogo tu katika mboga za miezi mitatu. Lengalenga isipandwe yote siku moja. Panda mstari mmoja leo, mwingine baada ya siku kumi, mwingine baada ya kumi nyingine. Wala usiing'oe na mizizi yake. Ukikata shina ukaacha urefu wa kiganja juu ya udongo, litachipuka tena, na utakata mara tatu au nne. Wamama wengi wanang'oa kwa sababu fungu lenye mizizi linaonekana kubwa sokoni. Tunaelewa, lakini fungu hilo moja limekula mafungu matatu yaliyokuwa nyuma yake.

Kuna hesabu nyingine ambayo wanaume wanaisahau: makala. Sombe inatakiwa kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu, na si kwa ajili ya utamu tu. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, nayo inapungua kwa kutwanga vizuri na kuchemsha sana. Lengalenga inaiva kwa muda mfupi sana. Kwa familia inayonunua makala kwa kopo, au ambayo mama na binti wanaenda kutafuta kuni mbali, mahali ambapo tunajua sote yanayowapata wanawake njiani, mboga inayoiva upesi ni safari moja ya kuni iliyopunguka. Hatuwaambii mwache sombe. Nani angetusikiliza!

Sasa tuje kwenye udongo, kwa sababu hapa ndipo watu waliotoka Masisi wanaposhangaa wanapofika pande za Goma. Wanaweka jembe chini, jembe linalia. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ilimwaga lava mpaka katikati ya mji, ikaingia ziwani. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ilimwaga tena, ikasimama pembeni mwa mji. Sehemu nyingi mtu anaishi juu ya jiwe jeusi lenye mashimo. Mvua inanyesha sana, lakini maji yanapita katika nyufa kama katika kichujio, na saa chache baadaye udongo ni mkavu. Huo ndio ugumu wa hapa: mvua ipo, maji hayapo.

Jiwe halilimwi, linajengewa. Chukua mawe hayohayo, upange sanduku lenye upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani. Chini kabisa weka vitu vya kuzuia maji yasikimbie: vipande vya shina la mgomba, majani yake makavu, nguo zilizochakaa, nyasi. Shina la mgomba linashika maji kama sifongo. Juu yake weka udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Kwa mboga za majani, udongo wa kina cha sentimita 30 unatosha kabisa. Udongo unapatikana katika mabonde madogo na katika nyufa za lava ya zamani, lakini usiende kuchota kwenye kiwanja cha mtu bila kuomba. Hapa udongo ni mali, unabebwa kwa gunia na unauzwa kwa gunia.

Asiye na nafasi hata ya sanduku atumie gunia lenyewe. Simamisha gunia, na katikati yake weka kopo refu lisilo na chini wala kifuniko. Jaza mawe madogo ndani ya kopo, jaza udongo kuzunguka, kisha vuta kopo juu kidogo na uendelee hivyo mpaka gunia lijae. Kopo likitoka linaacha nguzo ya mawe katikati, na maji unayomwaga juu yanashuka nayo mpaka chini, badala ya kulowesha juu peke yake. Toboa matundu ubavuni kwa kupishana, uingize miche. Maji uliyooshea mchele au mboga yanafaa kumwagilia. Maji yenye sabuni nyingi hayafai. Na kama siku moja ni lazima kuhama kutoka uani huku kwenda uani kule, watu wawili wenye nguvu wanaweza kuliburuta juu ya bashi.

Watu wa Mugunga, Bulengo na Sake wanajua neno mazuku. Wageni wengi hawalijui, na watoto wamekufa kwa ajili hiyo. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini na kukaa katika mashimo na mabonde madogo, kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haionekani. Usiku na alfajiri, wakati upepo umetulia, inakuwa nyingi zaidi. Kwa hiyo, usichimbe shimo la mbolea wala la bustani mahali pa chini bila kuwauliza wenyeji kwanza. Ukiona panya, ndege au mijusi wamekufa ndani ya shimo, ondoka hapo. Mtoto asitumwe peke yake alfajiri kumwagilia mboga zilizo bondeni. Mwenyeji anayemwonyesha mgeni mashimo ya mazuku siku ya kwanza amefanya kazi ya amani kubwa kuliko semina zetu nyingi.

Kwa wale mlio juu, kuelekea milima ya Masisi, shida ni nyingine. Udongo ni mzuri, mweusi, lakini usiku ni baridi na mvua ya mawe inapasua majani. Lengalenga inayochukua wiki nne kule chini itachukua wiki mbili zaidi. Msishindane na baridi kwa mboga zinazoiogopa. Kabichi, karoti, poro na mbaazi za kijani zinapenda hali hiyo. Miche midogo ifunikwe na kidari cha majani ya mgomba au nyasi, urefu wa goti juu yake, ambacho mnakipunguza kidogo kidogo miche inapopata nguvu. Mawe meusi yakipangwa kandokando ya tuta yanameza joto la mchana na kulitoa usiku. Ni msaada mdogo, lakini haununuliwi.

Kuhusu nyanya tutasema kwa kifupi, maana tukianza hatutamaliza. Kila mtu anataka nyanya kwa sababu ya bei. Katika mvua nyingi na baridi inaungua majani kwa siku chache tu, na aliyeweka franka zake zote humo anabaki na vijiti. Mwenye kipande cha kuazima na mfuko mmoja wa mbegu asiweke zaidi ya miche kumi, tena chini ya kidari. Mambo ya dawa za kupuliza bila maski, na kuuza sokoni siku ya pili, tutayazungumza siku nyingine na mtaalamu wa kilimo akiwepo.

Mbolea. Rundo la kawaida la takataka za jikoni linahitaji miezi miwili au mitatu kuoza, na wengine hapa hawana miezi hiyo. Njia fupi ni hii: tia samadi ya mbuzi, ya sungura au ya simbilisi ndani ya mfuko, funga, uzamishe ndani ya pipa la maji kwa wiki mbili. Maji yake, ukiyaongezea maji mengine mpaka yawe na rangi ya chai nyepesi, yanamwagwa kwenye udongo karibu na shina. Yasimwagwe juu ya majani utakayokula. Udongo mpya wa volkano una madini mengi, ila unakosa kile chakula kinachoyapa majani rangi ya kijani, na samadi ndiyo inayokileta. Jivu tumia kidogo, kwa ajili ya wadudu. Kinyesi cha watu kisiguse bustani kabisa. Goma inakikumbuka kipindupindu cha mwezi wa saba 1994, na mboga inayoliwa mbichi ni njia fupi ya ugonjwa huo. Osheni mboga kwa maji safi, hata kama zimetoka uani kwenu. Upande wa magharibi wa mlima, ambako upepo unapeleka moshi wa Nyiragongo, mvua mara nyingine inachoma majani na kuyaacha na madoa. Sababu nyingine ya kuosha, na ya kufunika.

Kitalu kiwe ndani ya beseni. Hili tunalisisitiza kwa wote, hata kwa wenyeji. Beseni la zamani lililotoboka, udongo laini, mbegu za kabichi, na kwa wiki nne au tano miche inakua karibu na mlango wako. Mvua ya msimu ikifika, wewe tayari una miche wakati jirani ndiyo kwanza anatafuta mbegu. Kwa namna hiyo umeuongezea msimu mwezi mmoja. Na ikibidi kukimbia, beseni linabebeka.

Mbegu mlizogawiwa na mashirika, sisi tukiwemo, msiziamini kwa sababu ya picha nzuri kwenye pakiti. Soma tarehe. Kisha chukua mbegu kumi, uzifunge ndani ya kitambaa kibichi, uweke mahali pa joto. Baada ya wiki moja zihesabu. Zikiota nane, panda kama kawaida. Zikiota nne, panda kwa wingi mara mbili. Isipoota hata moja, leteni pakiti kwa kamati na mseme wazi. Hiyo si kukosa shukrani. Za lengalenga mnaweza kutunza wenyewe: acha mimea miwili au mitatu mizuri ikomae mpaka kichwa kikauke, upepete. Kijiko kimoja cha mbegu hizo kinajaza tuta zima.

Sasa tunawaomba viongozi wasogee karibu, kwa sababu jambo la ardhi ndilo zito kuliko yote tuliyosema.

Kule Bushi, katika Kivu ya Kusini, wazee walikuwa na maneno mawili. Kalinzi ni ardhi ambayo mtu aliipata kwa kumtolea mkubwa wa mila ng'ombe, naye akaishika yeye na watoto wake. Bwasa ni ardhi ya muda: unalima msimu mmoja au miwili, unatoa malipo, unarudisha. Na mtu wa bwasa haruhusiwi kupanda migomba wala miti. Kwa nini? Kwa sababu kila mmea una maneno yake. Mgomba unasema: nimefika kukaa. Kahawa inasema: watoto wangu watavuna hapa. Mti wa mpaka unasema: mwisho wa shamba langu ni hapa. Lengalenga haisemi hivyo. Inasema: nipe siku arobaini.

Mwenye ardhi anapomwona mgeni anachimba shimo la mgomba, haoni ndizi. Anaona kesi ya miaka ishirini. Na mgeni anashangaa kwa nini mtu aliyempokea vizuri amebadilika ghafla. Tumesikia habari ya namna hii zaidi ya mara moja: migomba inang'olewa usiku, asubuhi vijana wa pande mbili wanakutana na mapanga, na kufika jioni hakuna anayekumbuka migomba. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 ilisema ardhi yote ni ya Serikali, lakini vijijini watu waliendelea kuishi kwa neno la mwami na la wazee. Mkimbizi amesimama katikati ya hayo mawili bila karatasi ya huku wala neno la kule. Kinachomlinda ni kupanda kitu ambacho hakimtishi mtu.

Kwa hiyo hata uzio uwe wa mawe na vijiti vikavu. Fimbo mbichi ukiichomeka ardhini inaota, na miaka mitano baadaye mtu atasema huo ni mpaka.

Tunaomba maneno yasemwe kabla ya mbegu kuingia ardhini, mbele ya mashahidi wawili wa kila upande na mbele ya mkubwa wa kijiji, na yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari. Waandike majina ya wote wawili, na jina la mke pia, kwa sababu mara nyingi ndiye atakayelima, na mume akifa au akipotea vitani yeye asifukuzwe. Waandike ukubwa wa kipande kwa hatua za miguu, msimu gani, na kinachoruhusiwa kupandwa. Waandike malipo. Kama ni siku za salongo katika shamba la mwenyeji, siku ngapi kwa wiki, na zinaisha lini. Tumekuta familia zilizoambiwa siku mbili kwa wiki zikajikuta zinafanya nne, na za kwao zikaliwa na magugu. Hiyo si pango tena. Kiongozi anayejua jambo hilo na kunyamaza ana sehemu yake katika ugomvi utakaokuja.

Kuna swali moja ambalo watu wanaliogopa, nalo ndilo linalotakiwa kuandikwa kwa herufi kubwa: nani atavuna kama tunakimbia tena? Au kama njia inafunguka na mgeni anarudi kwao mboga zikiwa nusu? Wengine wamekubaliana kwamba mwenye ardhi atavuna na kutunza sehemu ya mbegu. Wengine wamesema yatavunwa na jirani aliyebaki, mjane au mzee. Jibu lolote ni zuri likisemwa mapema. Likiachwa mpaka siku ya mizigo, mtu anafyeka mboga zake mwenyewe ili mwingine asizile, na hao wawili hawatasalimiana tena wakikutana Sake sokoni.

Na zile ardhi ambazo wenyewe wamekimbia? Hapa tunasema kwa uangalifu. Tunajua shamba lililo tupu mbele ya watoto wenye njaa ni kishawishi. Lakini yule aliyekimbia yuko mahali fulani leo, labda katika mkutano kama huu, naye analima katika uwanja wa mtu mwingine na kufikiria shamba lake. Kama viongozi wanaona ni lazima lilimwe, jina la mwenyewe litajwe mbele ya watu wote, liandikwe, na zipandwe mboga na maharagi tu. Nyumba isijengwe, mti usikatwe, mpaka usisogezwe. Siku mwenyewe atakaporudi, anayelima amalize mavuno yaliyoko ardhini na kutoka, na tuta moja lililokomaa limwachiwe aliyerudi, maana atafika bila chakula. Anayekataa masharti hayo haombi bustani. Anaomba shamba la mwenzake.

Mbuzi tumewataja mwanzoni, tuwamalize. Mbuzi hana kabila. Wenye mbuzi na wenye bustani wakae siku moja kabla ya msimu, wapange fidia kwa beseni la mboga na si kwa fedha, kwa sababu fedha zinaamsha hasira na kuita watu wenye sare. Mbuzi wafungwe kamba miezi ya kupanda. Wenye bustani nao wawape wenye mbuzi majani na maganda, kisha wapate samadi. Mahali ambapo mabadilishano hayo yanaendelea, kesi za mbuzi zimepungua sana.

Maji pia yana zamu yake. Pale penye bomba moja au tangi moja, wanaonywesha bustani wasubiri mpaka kila nyumba imepata bidoni ya kunywa na kupika, halafu wamwagilie jioni. Kamati ya maji iwe na wamama wengi kuliko wababa. Mtatusamehe wababa, lakini ninyi bidoni mnazihesabu kwa macho, wao wanazihesabu kwa mgongo.

Msimu A uko karibu. Wenye kutaka kabichi waanze beseni lao wiki hii, maana mvua za mwezi wa tisa hazitawangojea. Mbegu za lengalenga tumekuja nazo, kijiko kimoja kwa kila familia, ya mgeni na ya mwenyeji sawasawa, pale kwenye meza. Anayechukua aandikishe jina la yule aliyempa udongo, na mwenye udongo awepo. Karatasi za makubaliano zipo pia, zimeachwa wazi ili mziandike kwa maneno yenu. Sasa tunasikiliza maswali, tukianza na yule mama wa nyuma aliyeinua mkono tangu tulipotaja mbuzi.